Mista wa Kwenye Karatasi

Kwenye kitambulisho anaitwa Adelino Quintela. Hapa Santa Eufrásia ukimuulizia Adelino Quintela, hata mwenye duka la mikate atakukunjia uso. Sema "Henga". Utaonyeshwa nyumba, utaonyeshwa gari, utaonyeshwa mpaka mbwa.

Henga, ndiyo, ile ya kutundikia makoti. Ilianza hivi. Mwaka 1981 Adelino alikuwa na miaka kumi na nane, beki wa kulia wa União, timu yetu, na alikuwa amekaa benchi mechi tisa bila kugusa nyasi. Mechi ya kumi inanyesha mvua ile ya Novemba, inayoingia mpaka kwenye soksi. Dakika ya sitini kocha akageuka, akamwonyesha kidole: "Wewe! Njoo!"

Jamaa hakuuliza. Akavua jaketi, akavua suruali ya mazoezi, akavuta soksi, akapiga ishara ya msalaba mara mbili maana ya kwanza aliikosea, akakimbilia mstarini huku anarukaruka. Mama yake jukwaani machozi yanamtoka. Kocha akavua koti lake lililolowa, akamtundikia mkononi.

"Nishikie hili, linanibana mabega."

Basi. Akasimama pale na kaptula, miguu myeupe kama jibini, koti mkononi, nusu saa nzima, kwa sababu aliona aibu kurudi kukaa. Sauti moja ikatoka jukwaani: "Angalau mwaka huu tumesajili henga!" Uwanja ukapasuka. Mpaka mwamuzi alicheka. Babu yangu anaapa sauti ile haikuwa yake. Babu yangu pia anaapa hanywi.

Alicheza miaka kumi na tano, klabu saba, tatu kati ya hizo zimeshakufa. Ligi kuu aliigusa dakika kumi na moja, na timu ya pwani. Aligusa mpira mara nne, moja ikiwa ya kurusha, na ukimpa nafasi atakusimulia zote nne. Kisha goti likagoma, akaingia kwenye ukocha. Akafundisha watoto. Akafundisha kijiji ambacho uwanja wake umelala upande, beki wa kulia anamwona wa kushoto kwa chini kama yuko bondeni. Mara mbili alipandisha timu daraja, na mara zote mbili kiangazi kilipofika akaambiwa asante, tunatafuta mtu mwenye jina. Jina analo, tatizo ni lile.

Sasa elewa kitu kimoja. Kwetu kocha haitwi kocha, anaitwa mista. Hata kama juzi alikuwa anauza mbolea, akipewa timu ni mista, na akifukuzwa anabaki mista, ukikutana naye benki unamwambia, "Mista, twende kahawa." Adelino alitaka jambo moja tu duniani: kuitwa mista wa União. Siyo wa kwingine. Wa hapa, mbele ya walewale waliocheka.

Ila kuna sheria. Timu ya ngazi yetu haiwezi kuandika mtu kuwa kocha mkuu bila leseni ya juu kabisa, na leseni zina ngazi nne. Adelino aliacha shule ana miaka kumi na mbili akakamue ng'ombe. Alizipanda zote nne, miaka kumi na moja. Jumamosi anaendesha kilomita mia na arobaini kwenda kukaa darasani na vijana wanaoandika kwa vidole gumba. Somo la mwili wa binadamu alilifeli mara mbili. Mkewe, Dona Otília, akawa anamhoji mezani huku anamenya viazi.

"Misuli ya nyuma ya paja ni mingapi?"

"Mitatu."

"Itaje."

"Niache ninywe supu kwanza, mke wangu."

"Itaje, Adelino, au supu inarudi jikoni."

Alipata kadi ya ile leseni ya juu ana miaka hamsini na nane. Akaiweka kwenye pochi mbele ya picha ya Bikira Maria wa Fátima, na Otília akamwambia aombe radhi.

Miezi miwili baadaye gari refu likasimama mlangoni saa ya chakula cha mchana. Akashuka Senhor Hermínio Barroca, mwenye kiwanda cha vigae na rais wa União, mguu mzima wa nguruwe mkavu begani kama amebeba mtoto.

"Adelino, ndugu yangu. União inakuhitaji. Kocha mkuu. Sahihi wiki hii."

Henga alisimama, akaenda kunawa mikono aliyokwisha kuinawa, akarudi macho mekundu. Akasaini pale pale, karibu na bakuli la zeituni. Gari lilipoondoka Otília akauliza, "Umemuuliza ni nani atakayepanga timu?"

"Sasa kocha mkuu ni nani, si mimi?"

"Nimekuuliza kama umeuliza."

Hakuwa ameuliza. Na hapa kwetu, yeyote aliyewahi kukaa karibu na mpira anajua hilo ndilo swali la kwanza. Yeye aliwafundisha wenzake kuliuliza. Siku yake ilipofika, akasahau.

Jumatatu akawahi uwanjani, filimbi mpya shingoni. Katikati ya uwanja akamkuta kijana wa miaka ishirini na tisa, kompyuta mkononi, wachezaji wamemzunguka. Salvador Teles. Ametoka mjini, kichwa kizuri kweli, siwezi kumnyima. Ila leseni yake ni ngazi ya pili.

"Mzee Adelino! Karibu sana," akasema Salvador. "Heshima kubwa. Usijali kitu, mazoezi nafanya mimi, kikosi napanga mimi. Wewe unasaini ile karatasi ya waamuzi na kusimama mstarini siku ya mechi. Mimi naandikwa msaidizi, nakaa nyuma yako, nakwambia la kusema."

"La kusema?"

"Si unajua sheria, mzee. Anayeruhusiwa kusimama ni kocha mkuu. Nikisimama mimi, mwamuzi anatuandika kwenye ripoti."

Kila mtu alijua isipokuwa yeye. Ndivyo klabu nyingi hapa zinavyofanya: kijana mwenye akili anakosa kadi, mzee mwenye kadi anakosa timu, wanaunganishwa. Angeweza kuondoka siku hiyo. Akabaki. Alimwambia Otília, "Labda wakinizoea." Mkewe akamwekea sahani.

Ilivyokuwa siku za mechi, nawaambia, ilikuwa burudani. Salvador ameketi, mkono mdomoni, ananong'ona. Sekunde mbili baadaye Henga anapiga kelele: "Pandeni! Pandeni!" Salvador ananong'ona, Henga: "Kulia! Badilisha kulia!" Wachezaji wenyewe hawamwangalii, wanaangalia nyuma ya bega lake. Mazoezini ni "mista Salvador" na "mzee Adelino". Waliomwita mista walikuwa waamuzi tu, kwa sababu wanasoma karatasi.

Nilirekodi video. Najua, najua. Niliweka Salvador akinong'ona upande mmoja na Henga akipayuka upande wa pili, nikaandika juu: "Mtandao wa Santa Eufrásia, unachelewa sekunde mbili." Watu elfu tisini waliitazama. Kwenye mkahawa walianza kumwagizia kahawa kwa mtindo huo. Mmoja ananong'ona "kahawa", mwingine anapaza sauti "KAHAWA!", na Henga yuko pale kaunta anachanganya sukari yake, anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kwenye basi na hataki ugomvi.

Tukafika mechi ya mwisho, Mei. Tukishinda tunapanda, tukitoka sare tunabaki. Mvua tena. Uwanja wetu una kona moja, ile ya ukuta wa shule, ambayo maji hayatoki tangu enzi za babu. Mpira ukifika pale haudundi, unakaa. Kila mtoto wa hapa anaijua. Wageni hawaijui. Salvador hakuijua, kwa sababu haimo kwenye kompyuta.

Dakika ya sabini na nane, bila bila. Adelino alikuwa anaitazama kona ile kwa dakika ishirini. Akageuka.

"Mwingize Ivo. Akae kule ukutani."

Ivo Sarmento ni winga wa hapa hapa, miaka thelathini na sita, tumbo limeanza kumtangulia. Alikuwa amecheza dakika arobaini msimu mzima.

"Ivo hakimbii, mzee," Salvador akasema chini chini. "Namba zake ni mbovu. Geuka, waambie wapande."

"Hahitaji kukimbia. Pale mpira unasimama wenyewe."

"Mzee. Geuka."

Akageuka. Akasimama hivyo, mgongo kwetu, maji yanamchuruzika kwenye masikio. Mimi nilikuwa safu ya tatu, simu tayari. Kisha nikamwona anachukua kile kikaratasi cha mabadiliko, anaandika, anakitia sahihi, anampelekea mwamuzi wa akiba. Salvador akaruka: "Hapana! Usikipokee hicho!"

Mwamuzi wa akiba alikuwa msichana mdogo, wa kutoka kusini, hatujui sisi, nasi hatumjui. Akasoma karatasi. Akamtazama Salvador, akamtazama Henga.

"Kaa chini, msaidizi," akamwambia Salvador. Kisha: "Mista, ni wewe unayeamua?"

"Ni mimi," alisema Adelino.

Ivo akaingia. Dakika nne hajaona mpira. Jukwaa likaanza: "Henga, mtoe huyo, mpe na yeye koti ashike!" Halafu mpira mmoja mrefu, mbovu, ukaelekea ukutani. Beki wao akaukimbilia, akahesabu utadunda, ukakaa. Akapitiliza kama gari lisilo na breki. Ivo alikuwa tayari amesimama pembeni ya dimbwi, hata jasho hana. Akauinua, akaupiga katikati, kichwa, goli.

Sikumbuki vizuri dakika zilizofuata, nilikuwa shingoni kwa mtu nisiyemjua. Nakumbuka Salvador akitoka benchi mbio, akivua lile koti lake refu la klabu na kulitupa nyuma bila kuangalia. Lilimwangukia Adelino mikononi. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wakamrusha Salvador hewani. Mpiga picha wa gazeti akapiga. Kijana yuko juu, mikono wazi, na pembeni kabisa ya picha mzee ameshika koti.

Kesho yake picha ilikuwa ukurasa wa mbele. "Mabadiliko ya kipaji," waliandika, na Salvador akanukuliwa: "Ile kona tuliifanyia kazi wiki nzima." Mimi nikamkata Henga kwenye picha, nikatengeneza stika: "Miaka arobaini kazini." Ilisambaa kuliko ile video.

Tulikula sherehe kwenye ukumbi wa zimamoto, watoto wa nguruwe wa kuchoma meza hadi meza. Adelino alipangiwa kukaa na dereva wa basi. Rais Hermínio akapita kupeana mikono, akamwinamia.

"Umefanya nini jana?"

"Tumepanda, Senhor Hermínio."

"Tumepanda, ndiyo. Na umemvunjia kijana heshima mbele ya watu elfu mbili. Sikukuchukua ufikirie, Adelino."

Mkataba haukuendelea. Salvador akachukuliwa na klabu kubwa zaidi, na nimpe haki yake, alimpigia simu. Otília ndiye aliyenisimulia, maana simu ilikuwa mezani na sauti wazi.

"Mzee wangu, twende wote. Kule pia wanahitaji leseni. Mshahara mara mbili."

"Nani atapanga timu?" akauliza Adelino.

Kule upande wa pili kukawa na kicheko, cha mtu anayedhani ametaniwa. "Mzee Adelino bwana!"

"Basi nimeuliza," alisema, akakata.

Leseni ile inahitaji masomo ya kuihuisha kila miaka michache. Hakwenda. Imekufa mwaka jana. Uwanjani haji tena, ingawa nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa shule na kila goli analisikia. União walileta mifereji, wakaitengeneza kona. Maji hayatuami tena. Tumeshuka daraja.

Nilimfuata mwezi uliopita kuomba radhi. Alikuwa anakata mizabibu. Nikamwambia stika ni yangu, video ni yangu. Hakuacha kukata.

"Najua. Wewe ni mjukuu wa yule."

"Babu anasema hakuwa yeye."

"Alikuwa yeye."

Nikauliza kinachomuuma zaidi ni kipi, gazeti, rais, au sisi.

"Mtu mmoja aliniita mista siku ile akimaanisha," akasema. "Na huyo hakunijua mimi ni nani. Angekuwa wa hapa, angecheka."

Nilikuwa nimejiandaa kumwita mista wakati wa kuaga. Nilikuwa nimejizoeza njiani. Nikafungua mdomo, nikaona uso wake unasubiri mzaha, nikasema, "Haya, mzee, baki salama."

Stika nimefuta kwangu. Kwenu bado inazunguka, na siwezi kuikimbiza. Ila nyote mnaye wa kwenu: shuleni, kiwandani, timu ya mtaa, yule aliyefanya kazi na picha ikamtoa pembeni ameshika koti la mtu. Andikeni hapa chini. Na muweke jina lake la kwenye kitambulisho, tafadhali, siyo lile mlilompa.