Jina la Mtoto wa Kwanza

Odeta Byabato alipofukuzwa kiwandani, ofisi ya uhasibu ilikaa kimya. Hakuna aliyepaza sauti kumwita Mama Fulani anywe chai, wala Baba Fulani aje apokee simu. Watu walifuatana mezani, wakagusana bega, wakanong'ona. Walikuwa wameanza kuogopa majina waliyozoea kuitana.

Kiwanda kilikuwa cha minofu ya sangara, kando ya ziwa. Miaka ile ya tisini wawekezaji walikuwa wakifungua viwanda vya namna hiyo kimoja baada ya kingine, na kompyuta zikaja pamoja nao, zikaunganishwa kwa waya kutoka mapokezi ya samaki hadi uhasibu. Odeta, binti wa mwalimu wa Kilutheri kutoka Kagera, aliajiriwa kuutunza mtandao huo huku akiandika tasnifu ya uzamili kuhusu usalama wake. Chuo kilikuwa Dar es Salaam. Utafiti ulikuwa Mwanza, ndani ya harufu ya samaki.

Vitabu alivyosoma vilitoka ng'ambo. Vilisema mwizi wa mtandao huijaribu kompyuta kwa maneno ya kamusi, moja moja, mpaka moja likubali. Odeta aliwatazama watu waliomzunguka, akaona vitabu hivyo haviwajui. Asubuhi moja alimsikia karani Kashindye akiita, "Baba Masalu, chai inapoa!" Meneja wa uhasibu, Mzee Shigela, akaitika toka chumba cha pili, akaja. Odeta akasimama ghafla.

"Shikamoo, mzee. Nina wasiwasi na maneno yetu ya siri. Nadhani naweza kuyapata bila kuambiwa na mtu."

"Marahaba. Wewe?" Shigela alicheka, kikombe mkononi. "La kwangu hata mke wangu halijui. Haya, jaribu, wote tunaona."

Odeta akaketi kwenye kompyuta ya mzee, akaandika: masalu. Mishahara ya kiwanda kizima ikajipanga kwenye kioo. Akahamia kwa Kashindye, ambaye wote walimwita Mama Ng'washi, akaandika jina la binti yake huyo. Ikafunguka. Meza ya tatu nayo ikafunguka. Kila mmoja alikuwa amefunga mlango wake kwa jina la mzaliwa wa kwanza, jina lilelile analoitwa kutwa nzima mbele ya wapagazi, wavuvi na wageni.

Kashindye alicheka kwanza, kisha uso ukabadilika. "Huyu hana mtoto, ndiyo maana anachezea wa wenzake."

Neno hilo lilimchoma Odeta. Alikuwa amevuka miaka thelathini, na mama yake alimuuliza kila Krismasi. Alizima kompyuta, akarudi mezani kwake akiwa ameinua shingo.

Jioni Shigela alimwita, akafunga mlango.

"Mwekezaji akisikia, nitaulizwa mimi. Sema ulinichungulia nikiandika. Ukikubali, ajira ya kudumu ni yako. Na hayo ya majina usiyaweke kwenye tasnifu."

"Sikuchungulia, mzee."

"Najua. Sema tu."

"Nikisema hivyo, kazi yangu yote inakuwa uongo. Jina la kiwanda nitaliondoa, na la kwako pia. Nilichokigundua hakitoki."

"Nyie Wahaya mna kiburi cha shule!"

"Tunacho, mzee."

Kesho yake mlinzi alimzuia getini.

Chuoni msimamizi wake alimsikiliza bila kuvua miwani. "Ofisi moja, Odeta, tena imekukana. Huo ni umbea, si utafiti."

"Basi nitaleta ofisi nyingine."

Akarudi Mwanza, akaanza kutembea. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, safari nyingine akapita Busisi hadi Geita. Kila mahali aliomba ruhusa kwa wakubwa, akakaa akisikiliza watu wanavyoitana, kisha akajaribu kompyuta mbele ya macho yao. Wengine walimfukuza kabla hajaketi. Mahali pengine majina ya watoto hayakufua dafu, naye akaandika hivyo hivyo, bila kupamba. Kwenye kiwanda kimoja cha pamba, kompyuta ya bosi ilikubali jina la fahali wake, aliyemsifu kila mnada. Lakini nyingi zilifunguka kwa mzaliwa wa kwanza.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini alimuuliza kwa nini hakutumia kamusi kama watafiti wengine.

"Kwa sababu huku kwetu mwizi hahitaji kamusi," alisema Odeta. "Anahitaji kusalimia tu, halafu anyamaze asikilize."

Mmoja wa watahini alicheka. Msimamizi wake hakucheka, alivua miwani. Sura ya majina ilipita bila kupunguzwa hata aya moja, na utafiti wote alioufanya baadaye aliujenga juu yake.

Siku hizi Odeta anaishi Mirongo, jijini Mwanza, katika nyumba ya kupanga, na anafundisha usalama wa mitandao kwenye chuo kimoja hapo mjini.