Hakuna Kupita Pembeni

Dada yangu, ambaye mumewe anamwita Bi Chujio, hajui kupindisha maneno. Akiwa na neno na mtu, anampa usoni. Ndiyo maana kila maabara aliyofanyia kazi walimpenda mpaka siku ya kikao.

Safari hii alikuwa na tangi la maji yanayobaki jibini ikishatengenezwa. Chumvi itoke, protini ibaki. Ajira yake ya kudumu ilikuwa imo mle tangini, na protini haimsubiri mtu, ukizubaa inaoza.

Kuchuja kwenyewe ni kwa utando wenye vitundu vidogo kuliko akili za watu fulani ninaowajua. Ukiyasukuma maji yaukabili moja kwa moja, protini inarundikana na kuziba, kama majani kwenye chujio la chai. Ukiyapitisha ubavuni mwake, yanausugua utando yakienda: chumvi inapenya, protini inabaki, njia haizibi. Dada akachagua hiyo ya pili, akaiandika kwenye ombi lake la vifaa "mtiririko wa pembeni."

Kikaoni, mkurugenzi wa taasisi akaruka.

"Pembeni? Mama, kwenye taasisi yangu hakuna kinachopita pembeni!"

"Mzee, ni maji tu."

"Wote huanza hivyo. Leo maji, kesho chai."

Kikao kizima kikapiga makofi, mhasibu kuliko wote. Dada akatoa mfano wa chujio la chai. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Alirudi nyumbani analia, nami nikawaka.

"Dada, anayeziba ni wewe! Kila siku unamvaa usoni. Hebu mpitie pembeni!"

Alinitazama, akapenga kamasi, kisha akacheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini.

Asubuhi akapeleka ombi lile lile, pampu ile ile, utando ule ule. Kilichobadilika ni neno moja: "mtiririko sambamba."

"Hapo sasa!" mkurugenzi akasema. "Twende sambamba!"

Protini ikatoka safi, na dada akaajiriwa. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia shemeji. Ila ajira ilikuja na cheo juu yake: mwenyekiti wa kamati ya kuzuia mambo ya pembeni. Kazi yake ya kwanza ikawa kupachika kibao juu ya mashine: HAKUNA KUPITA PEMBENI.

Alikipachika mwenyewe, kikanyooka vizuri. Chini yake maji yanapita pembeni kutwa.