Mkono Chini ya Shali

Nikipita sokoni siku hizi, wanaoswaga mbuzi wananiuliza kwa adabu kabisa, "Mzee Galgalo, kikao kimeisha?" halafu wanageuka wakachekee pembeni, na mimi naendelea na njia yangu, kwa sababu aibu niliyoipata pale mjini Isiolo, juu ya duka la dawa za mifugo, niliitafuta mwenyewe na nikailipia pesa taslimu. Basi acheni niwaeleze kwa mdomo wangu kabla hamjaisikia kwa watu wa kuongeza chumvi (ingawa kusema kweli hii haihitaji chumvi).

Kwanza mjue mimi nina wivu. Mke wangu Talaso ana duka la madera na mitandio hapa mtaani Wabera, na mwenye duka lazima acheke na wateja, hilo nalijua, mimi mwenyewe ni dalali wa mbuzi na ninacheka na watu nisiowapenda tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini Talaso akicheka na mwanamume aliyekuja kumnunulia mama yake mtandio, ninabaki kujiuliza kama huyo mama yuko kweli. Niliwahi kumfuata mpaka kwa fundi wa nguo nikajificha nyuma ya magunia ya makaa, nikatoka pale mweusi tititi, na fundi akanisalimia kwa jina.

Asubuhi moja Talaso akaniwekea chai, akakaa, akasema bila hasira yoyote, na hapo ndipo nilipoogopa, "Baba Guyo, mimi nimechoka kuchungwa kama mbuzi. Tafuta mtu akusaidie na hii maneno yako, ama mimi naenda kwa mama kule Sericho, na safari hii sirudi." Sasa, Sericho si mahali pa kwenda kwa hasira ya siku mbili, ni mbali, njia ni vumbi tupu, na mwanamke akishafika kwa mama yake huko na mizigo yake yote hana haraka ya kurudi. Nikaacha chai ikapoa.

Hospitali ya serikali ina washauri wa nasaha na bei yao ni nafuu, lakini benchi la kungojea liko mahali ambapo nusu ya mji inapita, kwa hiyo nikasema nitaenda kwa wa kibinafsi, mwenye ofisi yake na mlango wake. Talaso akasema anamjua mmoja mzuri. (Nikamuuliza amemjuaje. Akaniangalia. Nikaomba namba ya ofisi.)

Mshauri mwenyewe, wa pale juu ya duka la dawa za mifugo, anaitwa Mutwiri, Mmeru, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, ananukia kama mtu anayekwenda kuswali Idi, na nilipomwona tu nikashukuru Mungu kwamba mgonjwa ni mimi wala si mke wangu. Msichana wa mapokezi alikuwa ameshaniambia kikao ni elfu tatu. Mimi ni dalali, bei ya kwanza kwangu ni salamu tu, hakuna mtu anayeilipa, lakini sikutaka kubishana kwa sauti kama mtu wa barabarani, nikaamua kumheshimu kijana wa watu na kumpa bei jinsi tunavyopeana sisi sokoni. Kwa wasiojua, wanunuzi na madalali wa mifugo hatutaji bei mbele za watu: unafunika mkono wako na shali, mwenzako anaingiza wake, mnaongea kwa vidole, huku kidole kimoja ni elfu, mkono mzima ni tano, na aliyesimama kando haambulii kitu.

Basi nikavuta kiti, nikafunika mkono wangu na shali, nikaunyoosha. Mutwiri akautazama, akanitazama, na uso wake ukawa laini. Akaingiza mkono wake pole pole. Nikashika kidole chake kimoja, yaani elfu moja, ugonjwa wote, tumalize. Yeye akaufunika mkono wangu na mkono wake wa pili, akasema, "Asante kwa kuniamini. Hapa unaweza kulia, mzee wangu. Tutaenda pole pole."

Nikajua tumeelewana. Tukaongea vizuri tu, na wakati wa kutoka nikampa yule msichana elfu moja na kumwambia mimi na mkubwa wake tumemaliza. Mutwiri akatoka ndani, akanisikiliza nikieleza mambo ya vidole, akajikaza asicheke (nilimwona), kisha akanieleza mambo ambayo ningeyauliza mapema kama kweli nina akili: kwamba ile elfu tatu ni ya kila kikao, dakika hamsini, si ya ugonjwa, kwamba vikao vitakuwa vingapi hawezi kuapa, inategemea, kwamba usipofika bila kusema siku moja mbele unalipa vilevile, kwa sababu saa yako hawezi kumpa mwingine, na kwamba bima yangu haikubaliwi pale. "Na kama bei ni nzito, mzee, niambie tu kwa mdomo," akasema. "Kuna watu nawapunguzia. Ukilipa vinne pamoja pia inashuka."

Inashuka? Mkiniambia inashuka mimi sijizuii. Nikalipa vinne pamoja, bei ya jumla, nikateremka ngazi nikijiona mjanja kuliko Wameru wote.

Vikao viwili vya kwanza vilinisaidia, sitaki kudanganya, nilianza hata kulala. Cha tatu kikaangukia Alhamisi, na usiku wa kuamkia siku hiyo akanipigia mnunuzi wa Nairobi, Abdirashid, mtu mzito anayejaza lori, kwamba kesho yuko Isiolo na anataka mbuzi wa kutosha. Kuahirisha nimechelewa. Saa imeshalipiwa, na mimi kuacha kitu nilicholipia kioze siwezi, ni kama kununua mbuzi na kumwacha zizini kwa aliyekuuzia. Ndipo nikatoa uamuzi. Nikamwambia Talaso, "Wewe nenda badala yangu. Kaa tu kwa hiyo saa yetu." Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa.

Siku ya pili, jua kali, niko katikati ya soko, mkono wangu na wa Abdirashid chini ya shali yangu, tumeanza kwenye vidole vitatu tunapanda, na mara nikaangalia saa nikakumbuka kwamba wakati huohuo mke wangu amefungiwa mlango na mwanamume mwenye shati la pasi, ambaye kazi yake, kazi aliyoisomea, ni kumsikiliza mwanamke mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo mimi kwa ndoa yangu yote sijalifanya hata jioni moja, na isitoshe ninamlipa! Abdirashid akanifinya vidole, sikujua amefinya vingapi. Nikachomoa mkono nikakimbia, shali ingali imening'inia mkononi, nikarukia bodaboda ya kwanza niliyoikuta.

Pale mapokezi walikuwa wamekaa watu, mama mmoja na binti yake, mwalimu fulani, na jirani yetu Mzee Boru, ambaye asubuhi ile aliniambia anakwenda kupima sukari. Akainamisha kofia yake usoni. Msichana wa mapokezi akanishika mkono, "Mzee, huwezi kuingia, kuna mtu ndani." Nami nikawa karibu kutulia, wallahi, nilikuwa karibu, ila hapo hapo nikasikia Talaso anacheka. Si kicheko cha dukani. Kilikuwa kile cha zamani, cha kabla hatujaoana, kinachomtoa machozi na kumfanya ashike mbavu, nami nilikuwa nimesahau kwamba anacho. Wivu nilioujua siku zote ulikuwa mchezo wa watoto.

Nikausukuma mlango. Mutwiri alikuwa mbali kwenye kiti chake, meza katikati. Talaso alikuwa amevua viatu na kukunja miguu kitini jinsi anavyokaa kwa mama yake, macho yenye machozi, kicheko hakijaisha mdomoni. Kilipoisha, kiliisha kwa sababu ameniona mimi, na hiyo sijaisahau.

Nikapiga kelele, "Hii saa ni yangu! Nimeilipa mimi!"

Na kabla sijapata la pili la kusema, nikasikia viatu kwenye ngazi, na Abdirashid akaingia anahema, na nyuma yake madalali wengine wawili waliokuwa wamemfuata waone kuna nini. "Waryaa, Galgalo!" akaniita kwa Kisomali chake. "Umeniacha na mkono hewani mbele ya watu! Tulikuwa tumefika vidole vingapi?"

Mwalimu alicheka wa kwanza. Halafu wote, hata binti, hata kofia ya Mzee Boru ilikuwa inatikisika.

Talaso hakucheka. Akavaa viatu vyake kimoja kimoja, akasimama, akaishika ile shali iliyokuwa bado inaning'inia mkononi mwangu. "Baba Guyo. Wewe ukiwa huko soko, mkono yako ikiwa chini ya hii, mimi nimewahi kuja kuifunua?"

"Hapana," nikasema.

"Na mtu akiifunua, nyinyi mnamfanyia nini?"

Nilikuwa nalijua jibu tangu nikiwa mdogo, nikifuatana na baba yangu sokoni. "Anafukuzwa," Abdirashid akanijibia (na hakuna aliyemuuliza). "Hata hakuna mtu atafanya biashara na yeye tena."

Talaso akapita katikati yao akashuka ngazi. Mutwiri akaniambia kwa upole kwamba dakika zilizobaki zinahesabika kuwa zimetumika, na mimi nikakubali, ndiyo bei pekee ambayo sikuibishania maishani mwangu. Abdirashid alinunua mbuzi wake kwa dalali mwingine.

Nyumbani nikakuta mkoba wa safari umesimama nyuma ya mlango, umejaa. Nikakaa chini kando yake, sikuwa na nguvu ya kwenda kwingine. Talaso alipotoka jikoni akanieleza bila kupandisha sauti kwamba ataendelea na Mutwiri siku yake mwenyewe kwa pesa zake za dukani, mimi niendelee siku yangu na zangu, na siku nitakayomuuliza alisema nini mle ndani, au alicheka nini, huo mkoba njia ya Sericho unaijua.

Ulikaa pale wiki nyingi. Kila Alhamisi alitoka amejifunga mtandio vizuri, akarudi na macho mepesi, na mimi nikawa nauma ndani ya mdomo wangu nisiulize. Alicheka nini? Mutwiri alisema nini cha kumchekesha hivyo, huyu mtu ambaye kwangu hata siku moja hajatania? Nilimweleza yeye mwenyewe, kwenye saa yangu, kwamba ninamwonea wivu yeye. Akaandika kidogo, akasema hapo sasa ndipo tunaanza kazi, na nikajua vikao si vinne tena.

Juzi nilirudi kutoka mnadani nikakuta mkoba uko juu ya kabati, mtupu. Nilikaa mkekani na shali yangu mapajani, Talaso akaja akakaa karibu nami, na bila kunitazama akaingiza mkono wake chini ya shali, akashika vidole vyangu, akabonyeza.

Nimeapa sitafunua tena shali ya mtu. Kwa hiyo msiniulize alibonyeza vingapi.