Mdhamini Aliyeandikwa Bila Kuulizwa

Kwa miaka ishirini na sita karani mmoja alitunza masjala ya ofisi ya ardhi, chumba kirefu chenye rafu za chuma na harufu ya karatasi zilizowahi kulowa. Karani alimjua kila mtu aliyekuwa ndani ya mafaili yale: amezaliwa wapi, ana kiwanja gani, amemwandikia nani barua kali. Wenyewe wakipishana naye barabarani, hakuwatambua.

Mungu naye alikuwa na faili. Lilikaa nyumbani juu ya kabati, na kwa kweli yalikuwa majalada tisa: majina Yake kwa alfabeti, miujiza kwa mpangilio, sifa Zake kwa rangi. Kanisani walimwita Faharasa. Ukikwama kwenye aya, unamgusa bega, anakutajia sura, mstari, na ukurasa wa Biblia yako wewe.

Alitamani kitu kimoja tu, kuwa mzee wa kanisa. Mara tatu jina lake lilirukwa. Safari hii ikatoka fomu, mwisho wa kurudisha Ijumaa saa sita, na karani alipoona fomu moyo ulimtulia kama mtu aliyefika kwao. Palipoandikwa "Mdhamini anayekufahamu vizuri" alijaza: MUNGU. Anwani: MAHALI POTE. Simu, akaweka kistari.

Mchungaji, mama mwenye miwani ya kamba, aliisoma bila kucheka.

"Baba, huyu mdhamini ana habari?"

"Habari ya nini?"

"Kwamba umemwandika. Wewe mtu wa ofisi, hatumwandiki mtu bila kumwuliza."

"Mama Mchungaji, mimi Mungu namjua. Niulize lolote."

"Kumjua, nasikia unamjua. Mnajuana?"

Akarudi nyumbani na fomu yake, ile "na" ya mwisho wa "mnajuana" imemkaa kooni.

"Kakupata," mkewe alisema, akicheka mpaka akashika ukuta. "Mwenzangu, ulikuja kunichumbia unajua mpaka namba ya kiatu changu. Hukuniuliza hata kama nimekula."

Alhamisi, saa ya mapumziko, karani alifunga mlango wa masjala akaandika dokezo: "Yah: Ombi la Udhamini." Akaligonga muhuri, akaliweka kwenye trei ya barua zinazotoka. Akalitazama. Halikutoka.

Ikabidi aseme kwa mdomo. Akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Ewe Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi, kama ilivyo katika Mwanzo, sura ya kwanza, mstari wa..." Akajisikia anavyomsomea Mwenyewe faili Lake. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Shikamoo," akasema.

Neno hilo hakuwa amelitoa tangu mama yake alipofariki. Kwa umri wake, alikuwa wa kupokea tu. Lilitoka dogo, linatetemeka, na karani akawa mtoto mwenye mvi katikati ya rafu. Akangoja marahaba. Feni ikazunguka. Marahaba haikusikika, lakini kimya kile hakikuwa cha chumba kitupu. Vyumba vitupu alivizoea, angekitambua. Hiki kilikuwa kimya cha mtu aliyekaa vizuri, anakusubiri uendelee.

"Mimi mzima," akasema. "Yaani, si mzima sana. Goti. Halafu naogopa kustaafu. Sijamwambia mtu."

Wenye shida ya mafaili waligonga mlango mpaka wakachoka.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika tano, simu ya masjala ililia. Alikuwa mchungaji.

"Baba, fomu? Ulimwuliza?"

"Bado."

"Tangu juzi?"

"Mama, si adabu. Ndiyo kwanza nimefika kwake, niingie na fomu mkononi? Bado tunasalimiana."

Sauti ya mchungaji ikawa laini. "Nafasi itakwenda kwa fundi bomba, Baba. Sina la kufanya."

"Mpeni, mpeni," karani alisema, akakata simu haraka, maana kuna Mtu ambaye simu hii ilikuwa imemkatiza.