Cherehani ya Mtumbwi Iliyoandikwa Mbovu

Barua iliyonitoa mtaani kwangu Rahaleo, mjini, ilikuwa fupi, nayo ilinichafua roho kabla sijaimaliza. Mwalimu wa shule ndiye aliyeiandika, kwa niaba ya Bi Somoe, mjane wa kijiji kimoja cha ujamaa karibu na mto Ruvuma. Cherehani ya kijiji imeandikwa mbovu, alisema, na Ijumaa litakuja lori kuichukua pamoja na vyuma chakavu. Njoo uione kwanza. Ikiondoka, watoto wa shule hawatapata sare, na mimi sitabaki na kitu cha marehemu mume wangu.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Mtu anayetupa cherehani bila kuifungua tumbo, sijui nimfananishe na nani.

Alhamisi asubuhi nilipata lori la kukusanya korosho, nikakaa kando ya dereva na sanduku la vifaa mapajani. Njia nzima nilifoka, na masikini yule dereva hakuwa na kosa lolote. Nilimweleza kwamba cherehani kuukuu si cherehani mbovu. Zile za zamani zilitengenezwa kwa chuma kizito, mtu anashonea mpaka wajukuu zake.

"Sasa huyo aliyesema ni mbovu ni nani?" akaniuliza.

"Simjui. Ila leo nitamjua, na yeye atanijua!"

Kwenye kijiji cha Ziwani lori lilichepuka kufuata njia ya korosho. Nilishuka, nikabahatika kumpata muuza chumvi mwenye baiskeli, naye akanibeba nyuma. Penye mchanga tulishuka na kukokota. Jua lilikuwa kali na hasira zangu zilikuwa kali kulishinda.

Saa tisa alasiri nilipiga hodi kwa Bi Somoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kalibu. Kula kwanza, chuma hakikimbii."

Nilikula mihogo yake haraka haraka huku akinisimulia. Mumewe alikuwa fundi nguo ng'ambo ya mto. Vita vilipowafukuza Msumbiji, waliacha sufuria, waliacha hata mbuzi, lakini cherehani aliibeba kichwani mpaka huku. Kijiji kilipoanzishwa, waliitoa kwa moyo mmoja iwe ya wote. Mume alipofariki, Bi Somoe aliendelea kushona sare kwa sindano ileile aliyoiacha, mpaka ilipovunjika.

"Kalani akaweka nyingine. Tangu hapo inaruka, haishiki uzi. Wakasema imekufa."

Tukaenda ofisi ya kijiji. Cherehani ilikuwa pembeni, imetupiwa gunia. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono wa mshonaji ulipozoea kulala. Sisi mafundi hatuulizi jina lililopakwa ubavuni, maana rangi hudanganya. Tunauliza kabila, na kabila liko tumboni. Nilivuta vile vibati viwili vilivyo chini ya sindano, nikaona kidude chembamba, kimechongoka mbele, ndani yake mna uzi wa chini. Hicho tunakiita mtumbwi. Cherehani za kabila hili ni za zamani sana, na zina tabia moja: sindano yake hukaa ubavu bapa ukitazama kushoto, na uzi huingia kutoka kulia. Hii ilikuwa imewekwa kinyume, kama za kisasa.

Basi hiyo tu! Sindano!

Nililipuka. "Nipe hiyo karatasi! Nataka kumwona huyo mpumbavu aliyeiua cherehani nzima kwa ajili ya sindano!"

Karani, ndugu Chilumba, kijana mpole mwenye kalamu mfukoni, alinipa karatasi bila kunitazama usoni. Ilisema: Haifai. Vipuri hakuna. Kwa maelezo ya fundi wa Rahaleo.

"Fundi gani wa Rahaleo?"

"Wewe, ndugu fundi," akasema taratibu. "Nilikuja kwako kabla ya mvua. Nikakwambia tuna cherehani ya mtumbwi, inaruka. Hukuinua kichwa. Ukasema, hizo takataka, tupeni."

Nilikumbuka. Nilikuwa natengeneza cherehani ya mtu mkubwa siku ile, nikamjibu kama ninayefukuza inzi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Bi Somoe alikuwa ananitazama.

Niliilaza cherehani katika mafuta ya taa hadi asubuhi. Ijumaa niliisugua kutu, nikaitia mafuta kila tundu, nikageuza sindano. Bi Somoe mwenyewe ndiye aliyezungusha mkono. Mshono ulitoka umenyooka, mmoja baada ya mwingine, kwenye kipande cha kaki. Akaupapasa kwa kidole, akalia kidogo, akaendelea kuzungusha.

Karani akaleta karatasi. "Andika sababu, ndugu fundi. Bila sababu sitaweza kuizuia."

Nikakata neno Haifai, nikaandika: Inashona. Sindano ilikaa kinyume. Fundi wa Rahaleo alisema mbovu bila kuiona.

Bi Somoe hajui kusoma. Akataka isomwe kwa sauti, ikasomwa. "Haya, tia jina lako," akasema. Nikatia.

Kabla ya adhuhuri lori la vyuma likafika. Dereva akachungulia ofisini. "Cherehani yangu mbovu iko wapi?"

"Cherehani ni nzima," Bi Somoe akamjibu, mkono haujaacha kuzunguka. "Lakini usiondoke ntupu. Nchukue huyu fundi."

Karani aliangua kicheko, na mimi nikacheka kwa shida. Nilipanda nyuma, nikakaa katikati ya majembe yaliyokatika na mapipa yaliyotoboka, nikarudi nayo mpaka mjini. Tangu siku hiyo, mtu akija kunieleza ubovu wa cherehani yake, nasimama kwanza. Kisha namwambia ailete, au anipeleke.