Mrina Asali Katika Hema la Tatu

Nilikuwa natandika vitanda kwenye kambi ya mahema ya watalii, kusini mwa Tabora, mahali ambapo gari likitoka mjini asubuhi hufika jioni likiwa jekundu kwa vumbi. Umeme wa gridi haukufika, wala mtandao wa simu. Taa zilitegemea jua, na wageni walioga kwa ndoo iliyotundikwa mtini. Mimi ni mtu wa Mtendeni, Tabora mjini, nimekulia kwenye adhana na kelele za bodaboda. Ukimya wa kule ulinichosha kuliko kazi yenyewe.

Kiangazi kile kilikuwa kibaya. Mto ulikatika ukabaki madimbwi, viboko wakajazana kwenye tope hadi wengine wakafia humo. Upepo ukigeuka, tulikula tukiwa tumeziba pua. Nyati nao walikuwa wakali, maana kila kiumbe kilikuwa kinagombea maji yale yale.

Mchana mmoja nilikuwa namalizia hema la tatu, la mume na mke waliokuwa njiani kutoka mjini, nikasikia mtu anapiga hodi huku analia. Nilipotoka nikamkuta mwanamume anasukuma baiskeli, na juu yake kuna mwenzake amefungwa kamba asidondoke. Walikuwa ndugu wawili wa Ulyankulu, kwenye makazi ya watu waliotoka Burundi zamani, warina asali. Nyati alikuwa amempasua yule mkubwa chini ya mbavu.

Msimamizi wetu hakuwa mtu mbaya. Alisema mgonjwa alazwe hema la tatu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Akaita mjini kwa redio ya upepo. Wakamjibu kwamba gari la kambi limeshatoka na wageni na jingine halipo, kwa hiyo tungoje hilo hilo, likifika ligeuze naye. Mdogo mtu hakuweza kukaa. Alipanda baiskeli kwenda kituo cha askari wa wanyamapori kutafuta gari, ingawa tulimwambia ni mbali.

Nikabaki na mgonjwa. Nilikunja shuka nikakandamiza jeraha, lakini damu ilipita tu. Nikawa namlowanisha midomo kwa kitambaa.

"Gari linakuja, dada?" aliniuliza.

"Linakuja, kaka."

Akauliza kama mimi ni Mkristo. Nikamwambia mimi ni Mwislamu.

"Basi niombee hivyo hivyo."

Nikaomba kwa yale ninayoyajua. Nilipomaliza akaanza kuzungumza Kirundi, lugha ya nyumbani kwao. Alizungumza taratibu, akinitazama usoni, kama mtu anayeacha maagizo. Nikamwambia, "Kaka, sema kwa Kiswahili, sikuelewi." Akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea vile vile. Kulikuwa na jina moja alilolirudia mara nyingi. Hilo nililishika. Mengine yalinipita. Akafa akiwa bado ananisemesha, jua halijaanza hata kupoa.

Msimamizi akaja, akasimama mlangoni, akavua kofia. Baadaye akasema tumfunge kwenye turubai tumpeleke stoo ya nyuma ya jiko. Tukabadilisha godoro, tukasugua sakafu kwa dawa, nikafukiza udi wangu mwenyewe. Alisema wageni wasiambiwe, wametoka mbali na hawana kosa.

Mdogo wa marehemu alirudi jioni, miguu yake imejaa vumbi, bila gari. Hakuhitaji kuambiwa. Aliingia stoo akakaa humo muda, kisha akaja kwangu.

"Alisema nini?"

Nikamweleza kwamba aliongea mengi kwa lugha yao, nikamtajia lile jina. Akasema ni la mama yao, aliyefariki wao wakiwa wadogo.

"Na mengine?"

"Mengine sikuyaelewa, kaka."

Alinitazama kama mtu anayeamini kwamba namficha.

Gari likafika. Tukawapokea wageni kwa juisi ya ukwaju, na dereva, kabla hajanawa uso, akaondoka na maiti na ndugu yake kupitia njia ya nyuma. Baiskeli waliifunga juu ya gari. Kwenye moto wa kambi, msimamizi akawasimulia wageni hadithi anayowasimulia wote, ya wapagazi wa misafara ya zamani waliopita nchi hii na pembe za ndovu mabegani, anayeanguka anaachwa kando ya njia. Yule mama wa kizungu alifuta machozi. Mimi nilikuwa nawamiminia chai. Usiku ule walilala hema la tatu, na asubuhi wakasema wamelala vizuri sana.

Mvua zilipoanza kambi ikafungwa, na sikurudi tena. Sasa nauza vitenge mjini. Sokoni kuna mama mmoja wa Ulyankulu, anauza maharage. Siku moja nilimwamkia, nikamwomba anisikilize, nikamtamkia maneno machache ya yule marehemu niliyodhani bado nayakumbuka. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Akasema, "Mwanangu, hayo si maneno."