Matone ya Msusi wa Mikeka

Jirani yangu hapa Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, husuka mikeka akiwa ameinamisha shingo upande, kwani presha ya macho imemlia uoni wa pembeni wa jicho la kushoto. Vidole hupapasa majani ya mkadi kwanza, macho yakafuata. Aliposhika mimba aliacha dawa ya matone kimyakimya, akihofia itamfikia mtoto, mpaka siku alipomkanyaga mpwa wake aliyelala mkekani, upande asiouona. Daktari akambadilishia dawa, akamfundisha kubana pembe ya jicho karibu na pua kila atiapo tone, ili dawa isisambae mwilini. Sasa kila asubuhi huketi hivyo kibarazani, ametulia hata inzi humtulia shavuni.

Jana mavyaa wake, Mama Lupe, alimkuta. "Mwanangu, si uvumilie tu mpaka ujifungue? Macho yatangoja."

"Hayangoji, mama," akajibu taratibu, kidole hakijabanduka. "Kinachokwenda hakirudi. Nami huyu mjukuu wako nataka kumwona, sitaki kusimuliwa."

Mama Lupe akaketi kando yake, akamshikia kichupa mpaka alipomaliza jicho la pili.